Bonde la Saa Nane Mchana

...na sasa mtahini wa nje amevua miwani, ishara mbaya hiyo, mtu akivua miwani kwenye utetezi wa tasnifu ujue hasomi tena, anawinda, na swali alilomtupia binti wa watu ni lile lile ambalo Bi Upepo, msimamizi wake, ameliogopa kwa miaka miwili: "Ukurasa wa mia na kumi na mbili, vipimo vyako vya kasi ya hewa havina lile bonde. Msimamizi wako alilipata, na liko vitabuni. Sasa nani kakosea, wewe au yeye?" Ukumbi ukacheka, kile kicheko cha wasomi cha kupitia puani, na Bi Upepo naye akacheka, lo, meno yote nje, maana msimamizi kwenye utetezi hafungui mdomo mpaka aruhusiwe na mwenyekiti, anakaa kiti cha pembeni na kalamu yake akijifanya hana habari, na leo desturi hiyo imemfaa kuliko mwavuli siku ya mvua. Jibu, mwanangu, jibu... hapana, usijibu, ngoja kwanza. Binti anashika kona ya meza, na kule mstari wa nyuma mama yake, aliyevaa nguo yake nzuri kuliko zote, anatabasamu na kutikisa kichwa kila mtu anapotikisa, haelewi hata neno moja, anajua tu kwamba mwanawe anasemeshwa na wakubwa.

"Labda nianze na namna nilivyousawazisha uzi," binti anasema... uzi, ndiyo, anza na uzi, ule waya mwembamba kuliko unywele unaopashwa moto kwa umeme na kuingizwa kwenye handaki la upepo, lile bomba kubwa lenye feni, upepo ukiupoza sana kasi ni kubwa, ukiupoza kidogo kasi ni ndogo, basi, hiyo ndiyo elimu yote ya msukosuko wa hewa aliyoila Bi Upepo kwa miaka thelathini na miwili, na watu husimama akiingia! Ila uzi ni kama mtoto mdogo, unalia tu, hausemi unaumwa wapi, haujui kama umepozwa kidogo kwa kuwa upepo ni dhaifu au kwa kuwa hewa yenyewe imepata joto, ndiyo maana unausawazisha kwa kasi unayoijua kabla ya kazi, na tena baada ya kazi, na vipimo viwili visipolingana unaitupa kazi ya siku nzima. Unaitupa. Hata mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua. Na yeye alijua, akiwa na miaka ishirini na tisa, maabara ya paa la bati, jua la saa nane linapiga mpaka meza zinanuka rangi, na fundi wa maabara, mzee mmoja wa koti la bluu na maneno machache, akaja na karatasi: "Dada, uzi wa saa nane hausemi ulichosema wa asubuhi." Akamjibu bila kugeuka, "Uzi umechoka, fundi." Fundi akamtazama, akatazama mabati, akasema, "Haya, wewe ndiye msomi," na Bi Upepo akaichukua karatasi ya saa nane, akaikunja mara mbili akaitia mfukoni mwake, kwa sababu kwenye mchoro, palepale kati ya ukuta na katikati ya handaki, kasi ilikuwa imezama ikainuka tena, bonde, zuri, laini, ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na nani angeliona, lilikuwa ni joto la saa nane tu, lilikuwa ni mabati! Na bonde likampa shahada, likampa ofisi yenye dirisha, likampa uprofesa katika idara ambayo kabla yake mwanamke aliingia kufagia tu, waliokuja nyuma wakalitafuta, wengine wakalipata, maana mwenye kutafuta bonde halikosi, na waliolikosa wakajilaumu wenyewe, wakabadilisha nyuzi, wakabadilisha feni, kuna kijana mmoja aliacha kabisa utafiti akaenda kuuza viyoyozi... Mungu wangu, yule naye.

"...kwa hiyo kila saa moja nilirudia," binti anaendelea, wenzake humwita Kipimajoto maana haachani nacho, hata kwenye mkahawa wa chuo alikitumbukiza kwenye chai ya mtu, na ni Kipimajoto huyu huyu aliyeingia ofisini mwaka juzi akafunga mlango kwa adabu, kama aliyeleta habari za msiba. "Profesa, nimerudia mara saba. Nikisawazisha kila saa, bonde halipo. Nikisawazisha asubuhi tu, linakuja." Hakusema zaidi, alimwachia nafasi, mtoto alimwachia nafasi ya kusema mwenyewe! Na Bi Upepo akapanga makaratasi ambayo yalikuwa yamepangwa tayari, akasema, "Andika kwamba tofauti huenda imetokana na vifaa." "Vyangu, Profesa?" "Vyako." Akaandika. Aliandika kwa mkono wake, sentensi moja, na mtahini ameikuta, mbwa mwitu haikosi damu, na binti akiitetea ameisha, vifaa vibovu maana yake vipimo vyote vibovu, arudie miaka minne, na nafasi ya uhadhiri aliyoahidiwa itafungwa mwisho wa mwezi, mchuma janga hula na wa kwao walisema wahenga, lakini huyu hata si wa kwake, ana mama yake yule pale, anatabasamu. Imebaki miaka mitatu tu astaafu. Miaka mitatu ya kunyamaza, ameiweza thelathini, atashindwaje mitatu... Baba yake Bi Upepo, fundi bomba, aliwahi kurudi nyumba ya watu baada ya miezi sita, hakuitwa na mtu, hata unyevu ulikuwa haujajitokeza ukutani, alikumbuka tu usiku kwamba kiungo kimoja hakukikaza, akabomoa ukuta uliopakwa rangi na kuupaka upya, na mama alimfokea wiki nzima, baba yenu anajitangazia ubaya, nani atamwita tena? Na kweli wengine hawakumwita. Bi Upepo alimwonea aibu wakati ule, alikuwa na miaka kumi na miwili, alitamani baba yake awe kama baba za wenzake, na labda pale ndipo alipojifunza kukunja karatasi, siyo maabarani, pale, sebuleni, akimsikiliza mama.

"Kwa hiyo unasema tatizo ni vifaa vyako?" mtahini anauliza, taratibu, kwa upole, na upole wake ni mbaya kuliko ukali. Binti anageuza shingo. Hamtazami mtahini, anamtazama yeye, na hakuna lawama machoni mwake, afadhali ingekuwepo, kuna heshima tu, mtoto yuko tayari kuisema ile sentensi na kuzama nayo ili mwalimu wake abaki mkavu, na Bi Upepo anaona aibu, si ile ya kuogopa kujulikana, hiyo ameizoea, ni aibu ya kupendwa na mtu unayemzamisha. Basi. Vipimo vilikuwa viwili, nikaficha kimoja, bonde halikuwepo kamwe, binti huyu yuko sahihi. Maneno machache tu hayo, ya nini kuyabeba miaka thelathini? Kalamu imeanguka, haiokoti, ameinua mkono kama mwanafunzi, na mwenyekiti bado anapekua makaratasi yake, hajauona, mtahini hajauona, mama wa mstari wa nyuma tu ndiye aliyeuona na anamtabasamia, na mkono bado uko juu, hajaushusha.