Imondo ya Karani Makau

Mimi si mtu wa wivu. Uliza mtaa mzima wa Baba Dogo. Lakini mwanamume wa Kiluhya akiona imondo imewekwa mbele ya mwanamume mwingine, chini ya paa lake, na mkono ulioiweka ni wa mkewe, anyamaze? Imondo ni firigisi ya kuku, kinyama kisichoshibisha hata mtoto, na kwetu ni ya mwenye nyumba. Mke akikunyima hiyo, amekwisha kusema yote.

Mwaka huo wa tisini na nne mitumba ilikuwa imejaa kila soko, na kiwanda cha nguo nilichokitumikia miaka kumi na sita kikafunga. Tulipewa kiinua mgongo na kwaheri. Mke wangu Triza ndiye aliyesema tufungue hoteli: meza tano za chakula mbele, vyumba sita vya kulala wageni nyuma. Alipika, akafua mashuka, akabishana na askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji. Mimi nilicheza drafti kwa kinyozi nikingoja mambo yatengemae. Chakula kilikwenda, lakini vyumba vilikaa vitupu, maana vibarua waliokuwa wakilala humo walikuwa wamerudi makwao. Mwenye ploti alishatuambia wazi: mwezi ukiisha vyumba vikiwa hivyo, atamweka mtu mwingine.

Ndipo akaja Makau, karani wa kampuni moja ya malori. Mkamba mpole, shati limepigwa pasi. Alikula chakula cha mchana, akarudi kesho yake, kisha ikawa kila siku. Wiki ya pili nikamkuta anatoka chumba namba mbili na mke wangu.

"Nilikuwa namwonyesha dirisha," Triza akasema.

Dirisha! Dirisha lile linatazama choo. Mtu mzima anaonyeshwa choo cha nini? Siku mbili baadaye likapata pazia jipya la maua, na kitanda kikapata mashuka ambayo mimi sijawahi kuyalalia. Nikiingia jikoni, wananyamaza. Nikiuliza, naambiwa, "Ni mambo ya hoteli tu, Baba Millicent." Nikaanza kunusa leso zake akienda kuoga. Nasema hivi kwa aibu, lakini nilinusa, na harufu ilikuwa ya vitunguu.

Jumamosi sikwenda kwenye drafti. Niliketi kwenye meza ya pembeni nikajifanya nasoma gazeti. Saa saba Makau akaingia, na Triza akamletea sahani mwenyewe: ugali, paja, mchuzi, na kando yake imondo. Aliiweka kwa mikono miwili, kama anavyoniwekea mimi. Makau akaitafuna taratibu.

"Hii nayo ni tamu, mama," akasema.

Damu ikanipanda. Nilivuka pale nikainyakua sahani, mchuzi ukamrukia shatini.

"Toka kwa nyumba yangu!"

"Mzee, nimekosa nini?"

"Unajua sana!"

"Haki ya Mungu sijui."

Fundi mmoja wa gereji akacheka. "Buda, si umwache jamaa amalize kudishi?"

Makau alinawa mikono, akamwambia Triza asante, akatoka. Nikamgeukia mke wangu nikingoja alie, au akane. Alivua aprani, akaketi kwenye kiti alichoacha yule mtu.

"Kampuni yao inatafutia madereva mahali pa kulala," akasema. "Vyumba vyote sita, mwaka mzima. Leo alikuja kuniambia wamekubali."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie, uende uitangaze kwa kinyozi? Wale mafundi wa barabara uliosema wanakuja kwetu, walilala wapi?"

Walilala kwa Njogu, mwenye gesti ng'ambo ya barabara. Njogu naye hunyolewa pale pale. Lakini moyo bado ulichoma.

"Na imondo?"

"Imondo ni ya anayelisha nyumba. Ndivyo mama yako alivyonifundisha." Hakupandisha sauti. "Basi kwa miezi saba ilikuwa yangu, Wandera. Sikuila hata siku moja. Nilikuwekea wewe, ukala, ukapangusa mdomo. Leo nilimpa mtu mmoja, mara moja, kwa sababu alikuja na vyumba sita mkononi."

Hakuwa ameniita kwa jina langu tangu Millicent azaliwe.

Jumapili nilimtafuta Makau mpaka Muthurwa, kwenye ofisi yao, nikakuta imefungwa. Jumatatu asubuhi malori mawili yakasimama barabarani. Madereva wakashuka na mifuko yao, Makau mbele yao na karatasi mkononi, wakaingia kwa Njogu. Triza alikuwa mlangoni, ameona.

Makau alipotoka, akaniona. Akainua mkono.

"Habari ya asubuhi, mzee!" akaita, kwa heshima ile ile, kama mtu ambaye hata sasa hajui alikosa nini.

"Nzuri," nikasema.