Tisini na Moja kwa Mia

Kompyuta ilikuwa imesema tisini na moja kwa mia, na katika chumba cha mahakama pale Same hakuna aliyethubutu kubishana nayo. Mwaka ule wa 1997 watu walikuwa bado wanaiogopa kompyuta kuliko polisi.

Daktari Wilbard, mtaalamu wa sauti aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, alitandaza mezani karatasi mbili zenye mistari myeusi ya kupanda na kushuka. "Hii ni sauti ya kwenye kaseti, na hii ni ya mshtakiwa," alisema. "Nimezisikiliza kwa masikio, kisha nikazipima kwa mashine. Zinafanana sana, hasa anavyoanzia chini, akapanda, kisha akavuta mwisho."

Mshtakiwa alikuwa Eliwaza, mzaliwa wa Vudee kule juu mlimani, aliyeshuka tambarare kusafisha nyuzi za mkonge kwa miaka kumi na tisa. Shamba lilikuwa la serikali. Serikali ikalichoka, ikaliuza. Mmiliki mpya hata hajazoea joto la huko, akaamuru wafanyakazi watoke kambini kabla ya mwisho wa mwezi. Wakakusanyika getini. Msimamizi, mtu wa vijisababu, akaficha redio kaseti ya kurekodia ndani ya kikapu. Eliwaza alisimama mbele kabisa akamwambia usoni kwamba hatoki mpaka avune mahindi yake. Ndipo nyuma ya kundi mwanamke mmoja akapaza sauti: "Mkitutoa, korona itawaka moto!"

Korona ni mashine ya kuchana mkonge; bila hiyo shamba ni miiba tu. Msimamizi hakumwona aliyesema, lakini alimjua aliyemkera. Na sasa Eliwaza alikuwa kizimbani, hana wakili, na mbele yake kulikuwa na miaka ya kifungo kwa maneno ambayo hayakutoka kinywani mwake.

"Una swali kwa shahidi?" hakimu aliuliza, huku akitazama saa.

Eliwaza alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa ya kutetemeka. "Ninalo, mheshimiwa. Daktari, ulinilinganisha na akina nani?"

"Na wanawake thelathini."

"Wa wapi?"

"Dar es Salaam. Wengi ni wa chuoni na maofisini."

"Kati yao yupo aliyewahi kuita msaragambo?"

Daktari alivua miwani. "Msaragambo ni nini?"

Watu waliangua kicheko. Eliwaza hakucheka.

"Ni kazi ya kijiji, daktari. Kuzibua mfereji, kutengeneza njia. Vudee mtu hazunguki nyumba kwa nyumba kuwaambia watu. Anasimama ukingoni anaita bonde zima. Unaanzia chini, unapanda, unavuta mwisho ili sauti ivuke ng'ambo. Wasichana wote tunafundishwa na mama zetu, na ukikosea unachekwa. Polisi waliponirekodi na kuniambia niseme kama ninavyowaambia watu mkutanoni, nikasema hivyo hivyo nilivyolelewa. Ujinga wangu huo. Na pale kambini nusu ya wanawake ni wa Vudee."

Inspekta Gideoni, mwendesha mashtaka, aliruka kutoka kwenye kiti. "Mheshimiwa, anatupotezea muda!"

Lakini Daktari Wilbard aliinua mkono. Ni wachache waliosoma sana wanaoweza kufanya alichofanya mtu yule. "Mheshimiwa, swali lake ni halali. Mashine inaniambia sauti mbili zinafanana kiasi gani. Haijaniambia ni watu wangapi wengine wanaofanana nazo. Hilo nilipaswa kulitafuta mimi, na sikulitafuta."

Hakimu aliahirisha kesi kwa wiki mbili, ziletwe sauti za wanawake wengine wa Vudee. Inspekta naye akatangaza mlangoni, watu wote wakisikia, kwamba mwanamke yeyote atakayefanana na kaseti atajibu maswali kituoni. Alidhani atawatisha.

Walishuka watano, juu ya lori la mbao, wamevaa khanga zao za kanisani. Daktari aliwarekodi uwanjani, mmoja mmoja, maneno yale yale ya getini. Karani wa mahakama ndiye aliyewapa namba, ili daktari mwenyewe asijue nani ni nani.

Siku ya kesi daktari alisoma majibu kwa sauti kavu. "Namba moja, themanini na nane. Namba mbili, tisini na mbili. Namba tatu, themanini na tano. Namba nne, tisini na sita. Namba tano, tisini."

"Namba nne ni nani?" Inspekta alifoka.

Alisimama Bibi Nakijwa, kikongwe wa miaka sabini na moja, fimbo mkononi.

"Shikamoo, bibi," hakimu alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Siku ya mkutano ule ulikuwa wapi?"

"Shambani kwangu Vudee, napalilia maharage. Huku tambarare sijashuka miaka mingi. Leo mmenishusha ninyi." Akamgeukia Inspekta. "Kama mashine imenikamata, nifunge. Ila tuma mtu akafungie kuku wangu."

Hata askari wa mlangoni alishindwa kujizuia. Hakimu alisubiri kicheko kiishe, akasema kaseti ile haiwezi kumfunga mtu, na upande wa mashtaka hauna kingine. Eliwaza akaachiwa huru.

Wanawake walipiga vigelegele. Msimamizi, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma, alianza kujisogeza kuelekea mlangoni.

"Msimamizi, ngoja," Eliwaza alimwita. Alitoka kizimbani akaenda moja kwa moja mezani, ilipokuwa mashine ya daktari ya kurekodi. "Daktari, naomba uiwashe."

Daktari alimtazama hakimu. Hakimu aliendelea kukusanya mafaili yake. Daktari akabonyeza.

Eliwaza hakuita bonde. Alisema kwa sauti yake ya kila siku, ile ya jikoni na ya kwenye foleni ya maji.

"Mimi ni Eliwaza wa kambi ya mkonge. Sitoki kwenye ile nyumba mpaka nivune mahindi yangu. Anayetaka kunitoa aje mchana, atanikuta mlangoni."

Kisha akamgeukia daktari. "Hii usiihangaikie kuipima," alisema. "Hii ni yangu."