Tusi Lenye Bega

Fundi cherehani alishona koti, mkono mmoja ukawa mrefu kidogo kuliko mwenzake. Yeye hakuona. Akalipiga picha kwa madaha, akalirusha mtandaoni. Kufika adhuhuri matusi yakaanza kubisha hodi. Sisemi kwenye simu, nasema mlangoni kabisa.

La kwanza, "Huyu ashone magunia," liliingia na viatu vyake, likakalia kochi. La pili likamaliza chai. Mengine yakafuata kama siafu, yakapanga foleni chooni. Na kila Fundi alipojilaza, moja nene lilimkalia kifuani: "Wewe si fundi, wewe ni ajali."

Chakula kikamshinda, usingizi ukahama nyumba, mikono ikaanza kutetemeka. Na gauni la harusi la bintiye bado ni kitambaa tu mezani.

"Zima hiyo simu," mkewe alisema, akiruka miguu ya matusi kwenda jikoni.

"Nimezima. Haya yameshaingia."

"Baba," binti akauliza, "basi niolewe na shuka?"

Fundi akashika mkasi. Matusi yakaangua kicheko, mkasi ukaanguka.

Mkewe akajishika kiuno. "Hivi wewe, tangu lini mtu akakaa mbele yako bila kupimwa?"

Kweli. Hata mwenye nyumba hupimwa kabla hajafungua mdomo kudai kodi. Fundi akachukua utepe, akaanza na lile la kwenye kochi. Bega, hakuna. Kiuno, hakuna. Utepe ulipita kama kwenye moshi.

"Kumbe huna hata bega la kubebea maneno yako!"

Likasinyaa, likapenya chini ya mlango bila kuaga. Yakafuata mengine, moja moja. Likabaki lile nene. Hilo lilikuwa na mwili: tumbo limetangulia, bega la kushoto limelala. Fundi akapima tena, akaketi sakafuni: vipimo hivyo aliwahi kuvishonea suti.

"Mke wangu, hili ni la kaka yako."

"Acha bwana!"

Fundi akawasha simu, akampigia. "Shemeji, kuna kitu chako hapa. Njoo ukichukue."

Shemeji alipofika na kuliona akanyong'onyea. "Nilikuwa natania tu, shem. Kila mtu alikuwa anatupa lake."

"Ya wengine yalikaa kwenye kochi. Lako lilinikalia kifuani."

Shemeji akalivuta mkono. Tusi likagoma kutembea. Akalibeba mgongoni, mtaa mzima unachungulia.

Mikono haikuacha kutetemeka mara moja. Fundi alikata gauni polepole, mkewe kamshikia kitambaa. Mkono mmoja ukatoka mrefu. Binti akalivaa, akaukunja, akazunguka.

"Baba, nipige picha?"

Fundi akaning'iniza utepe shingoni. "Piga, mwanangu. Ila ya kwanza mtumie mjomba wako. Mwambie akiwa na la kusema, mimi namsubiri mlangoni na utepe."