Chafya ya Chola

Asubuhi ile moshi wa bomba kubwa la kiwanda uligeukia upande wa kambi ya wafanyakazi, na wanawake wakatoka mbio kuanua nguo kabla asidi yake haijazitoboa. Chola alianua za watoto, akaanua shuka, akafika kwenye salopeti ya kazi ya bwana yake Mwape, akasimama. Hakujua kama ilikuwa nguo ya marehemu ao ya mtoro. Akaiacha kwenye kamba.

Jumatatu ya wiki ile Mwape alikuwa amekwenda kazini kwenye tanuru la shaba na chakula chake ndani ya gamela. Gamela ilirudi, imeletwa na mwenzake ambaye hakukubali kuketi. Mwape hakurudi. Kisha citoyen Kalaba (siku hizo kila raia aliitwa citoyen), chef, yaani mkubwa wa kambi, alipita na koti lake la abakosti lililopigwa pasi vizuri, akasema Mwape amekimbilia Zambia. Angekuwa amekufa kazini, mke na watoto wangebaki ndani ya nyumba na posho wangepata. Lakini mtoro hana nyumba. Jumamosi wahame.

Basi hakuna aliyejua la kufanya. Majirani wengine walileta makaa na unga kwa ajili ya kilio, wengine walikuja kumcheka mwanamke aliyekimbiwa, na kwa sababu mkeka ulikuwa mmoja, waliketi pamoja, wakala pamoja. Asubuhi Chola alifunga kitambaa cha ujane. Mchana alikifungua. Machozi nayo hayakujua kama yatoke.

Nkambo Mulenga, mama ya Mwape, alikuwa anasaga tumbako yake ya pua kwenye kigae pamoja na majivu kidogo. Akaitia ndani ya kopo la pomade, akagonga kifuniko kwa kidole, akamgeukia mkwe wake Chola.

"Mukamwana, nikuulize kitu. Nyumba yangu iko na milango mibili, haina dirisha. Mugeni akiingia na vumbi, mwenye nyumba njo analia."

"Mamu, leo sina kichwa ya bitendawili."

"Jibu njo pua. Kamata. Macho yako imekauka sana, itapasuka. Hii italeta machozi, kisha tutaona kama ni ya kilio ao ya kasirani."

"Mie sijanusa hata siku moja."

"Nusa polepole, kama unanusa majani ya sombe ku chungu kama imeiva. Usivute na nguvu."

Jirani yao Jeanne akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Muangalie! Kesho ataomba hata fimbo ya bazee!"

Chola akachukua kidogo kati ya vidole viwili. Siku hizo maneno yalimfikia nusu nusu, na akavuta kwa nguvu. Pua ikawaka. Kichwa kikajaa pilipili mpaka nyuma ya masikio, na dunia yote ikanuka majani makavu, bati lenye moto, na mvua ya kwanza juu ya vumbi jekundu. Akapiga chafya. Kikatoka kifungo cha salopeti.

"Afya," wakasema majirani.

Akapiga nyingine. Kikatoka kiatu cha kazi, kikubwa, na kamba yake.

"Afya, mama."

Halafu akatoka Mwape mwenyewe, kijivu toka kofia ya chuma mpaka soksi ya mguu usio na kiatu, akasogeza mguu ili asikanyage bukari iliyosongwa kwa unga wa majirani.

"Kile kiatu njo changu," akasema, akakivaa.

"Ulikuwa wapi, mwana wangu?" Nkambo aliuliza, akimpa nafasi kwenye mkeka.

"Mu moshi, mama. Munyororo ilikatika, nikaanguka mu tanuru, nikapanda na bomba. Tangu pale munanivuta, munakohoa, munanitema."

Jeanne akashika kifua. "Unisamehe, tata Mwape. Sikujua ni weye."

"Haina neno."

Chola akafuta pua. "Basi ulikufa?"

"Nilikufa."

"Haukukimbia?"

"Nikimbilie wapi na kiatu kimoja?"

Chola akafunga kitambaa cha ujane, safari hii kwa fundo gumu, akamshika bwana yake mkono, wakaenda kwa chef wa kambi kabla pua haijatulia.

Kalaba aliwapokea vizuri. Aliwapa viti. Alimsikiliza Mwape mpaka mwisho, akipangusa taratibu majivu yaliyoangukia meza yake.

"Citoyen Mwape, sasa weye uko hai ao umekufa?"

"Nimekufa, chef."

"Maiti haisemake. Kama unasema, basi haukufa. Na kama haukufa, tangu Jumatatu haukukuya ku kazi. Mutu anakosa kazi bila ruhusa, tunamuita namna gani?"

Mwape, ambaye alikuwa mtu wa heshima, akajibu, "Mutoro, chef."

"Lakini muangalie!" Chola akasema. "Ni majivu matupu!"

"Namuona, citoyenne. Juu ya kumuona njo nasema vile. Asingekuya, pengine tungeulizauliza." Akanyoosha mkono. "Na ile kofia ni ya kampuni."

Mwape akaivua, akaiweka juu ya meza.

Njiani pua ya Chola ilianza kutulia, na Mwape akawa mwepesi. Penye lango la kambi viatu tu ndivyo vilivyokuwa vinatembea. Mlangoni pa nyumba havikuwepo tena.

Jumamosi ilikuja familia nyingine, watu wema, wakasaidia kupakia vyungu na magodoro kwenye mkokoteni. Chola, watoto na Nkambo Mulenga wakapata chumba upande wa barabara ya Kasapa, kwa ndugu ya Nkambo. Bomba lilionekana hata kutoka huko. Lilikuwa linatoa moshi kama kawaida.

Jioni, baada ya bukari, Nkambo alipitisha kopo. Chola akanusa polepole, kama mtu anayenusa sombe, akapiga chafya moja tu. Mwape akatoka bila kofia. Akauliza habari za masomo ya watoto, akala kilichobaki, akasifu chumvi. Halafu akaangalia ukuta huu na ule, kama mgeni asiyejua aweke mzigo wapi.

"Sasa nyumba yetu iko wapi?"

Chola akafikiri. Kisha akagusa pua yake.

"Iko na milango mibili," akasema. "Haina dirisha."

Machozi yakaanza kumtoka. Nkambo Mulenga akasogeza taa karibu, akayatazama sana, hakuweza kusema kama ni ya kilio ao ya kasirani. Mwape akapangusa viatu vyake. Halafu akainama kidogo, kama watu warefu wanavyofanya mlangoni, akaingia.