Kasiksi ya Kurudisha Neno

Maman Georgette Bulonza alizikwa Jumanne, mwezi wa nane 1959. Mimi nilifika Bukavu Alhamisi, nikitoka Élisabethville, nikiwa na valizi moja na diploma yangu ndani ya bahasha ya kahawia. Shangazi Apolline, ambaye nililelewa kwake mtaani Kadutu, alinifungulia mlango akasema, "Eulalie. Hukusikia habari?" Nikajua kuna mtu amekufa. Kabla hajamtaja, nilikuwa nimekwisha kuomba kimya kimya asiwe yeye.

Naandika haya ili nisiyasahau kwa namna ambayo ningependa kuyasahau, yaani polepole, nikianza na yale yanayoniaibisha.

Maman Georgette alikuwa monitrice, yaani mwalimu, kwenye foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake, pale Kadutu. Alifundisha wanawake kushona, kufuma soksi za watoto, kuchemsha maji, na kusoma karatasi ya dispansari. Alikuwa mjane bila mtoto. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa, na pini za kushonea alizishika mdomoni hata alipokuwa akigombeza mtu. Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili nilikwenda kumsaidia siku za likizo, na yeye ndiye aliyenitia kichwani kazi ya kusaidia jamii: kutembelea watu nyumbani, kusikiliza ugomvi wa mume na mke, kumtafutia mama mgonjwa mahali pa kulala.

Mwaka 1957, nilipomaliza mwaka wa nne wa shule baada ya primaire, niliomba nafasi kwenye shule mbili za kazi hiyo. Ya kwanza ilikuwa ya masista, hapa Bukavu, shule mpya yenye nafasi kumi na mbili tu. Ya pili ilikuwa Élisabethville, mbali sana, na niliiomba kama mtu anayetupa jiwe ziwani.

Kwa masista, msichana hakupokewa bila mtu wa kumsimamia. Maman Georgette alikwenda kwa Sista mkurugenzi mara tatu kwa ajili yangu, kwa miguu, akishuka na kupanda vile vilima vyetu. Mara ya tatu alirudi akicheka. "Sista anasema mimi niko musumbufu. Nikamwambia, ndiyo, ma sœur, na huyu mutoto atakuwa musumbufu kunishinda." Nilipewa nafasi ya kumi na mbili. Aliyebaki nje, wa kumi na tatu, alikuwa Emérence, msichana wa Kamanyola.

Nilijibu kwamba nakubali. Papa Philémon, baba yangu, aliyekuwa akiosha vyombo vya maabara kule Lwiro, alikuja na kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kwetu Bushi, neno kubwa halitolewi mikono mitupu. Anayeleta pombe husimama, husema kilichomleta, huonja yeye wa kwanza, ndipo wengine hunywa. Wakiisha kunywa, neno limefungwa. Papa alisimama uani kwa Maman Georgette akasema, "Huyu mutoto anaingia kazi yako. Iko mutoto yako sasa." Akaonja. Maman Georgette akanywa, na kaka yake, Papa Venant, fundi mwashi, akanywa mpaka mrija ukalia.

Wiki tatu baadaye ikafika barua ya Élisabethville. Nafasi, chumba, chakula, tiketi ya safari. Miaka miwili, na diploma ambayo serikali ingeitambua kila mahali, tofauti na cheti cha masista ambacho kilikuwa cha hapa hapa. Ndani ya bahasha walitia picha ya wasichana waliovaa mkanda mweupe kiunoni, mbele ya jengo lenye ngazi. Niliitazama picha ile siku mbili. Nitasema ukweli: si diploma peke yake iliyonivuta. Nilijiona kwenye zile ngazi. Na nilipokwenda foyer nikawakuta wanawake wamekaa chini na soksi zao za sufu, niliwaonea haya, kana kwamba mtu alikuwa amenikuta kati yao.

Nilimwandikia Sista mkurugenzi barua ya kuondoa kukubali kwangu, kwa Kifaransa, nikichukua maneno kwenye kitabu cha mifano ya barua. Niliitia posta Ijumaa. Jumamosi Papa akaja kutoka Lwiro, nikamwambia.

Akaniuliza, "Unataka gani? Wewe, si mimi."

"Ya Élisabethville, Papa."

"Basi ni hiyo. Lakini pombe tulikunywa."

"Nimeisha kuandika barua kwa Sista."

"Sista hakunywa pombe yetu," Papa alisema.

Hakukasirika. Alinieleza tu kinachofanywa: neno lililonywewa hurudishwa kwa pombe nyingine. Unakwenda kwa yule uliyempa, unasimama, unasema, "Ninarudisha neno," unaonja, mnakunywa, na hakuna anayebaki na kisirani. Jumamosi iliyofuata alirudi na kibuyu kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, kimefungwa majani ya mgomba mdomoni. Akataka twende wote wawili. Nikasema, "Nitaenda peke yangu. Neno ni langu." Alinitazama kwa furaha ambayo bado naikumbuka, akapanda gari la kurudi Lwiro.

Nilipanda njia ya kwenda kwa Maman Georgette na kibuyu kichwani. Njiani nilikuwa nikisema maneno yangu kwa sauti ya chini. Nilikuwa nayo yote. Alikuwa uani, amekaa mbele ya mashine ya kushonea.

"Unaleta nini?" akasema, akatoa pini mdomoni. "Weee! Kasiksi tena! Venant! Kuya uone! Mutoto analeta pombe ya aksanti!"

Papa Venant akatokea na koleo mkononi, saruji imemkaukia mpaka kwenye viwiko. "Ya aksanti? Watoto ya leo wanajua aksanti?"

"Huyu anajua. Nilisema nini mimi? Ita Maman Colette. Ita wa nyuma ya nyumba pia, wasiseme tunakunywa kwa kujificha."

Nilikuwa bado nimesimama na kibuyu kichwani. Maneno yangu yalikuwa mdomoni. Kama angeniuliza mara ya pili ninaleta nini, nadhani ningesema. Lakini hakuuliza. Alikishusha kibuyu mwenyewe, akanung'unika kwa uzito wake. Majirani wakaja na vibao vyao, watu sita au saba, na wote walinitazama kama mtoto mwenye heshima.

"Sema basi," Papa Venant akasema. "Mwenye pombe anasema."

"Mwache," akasema Maman Georgette. "Anaona haya. Onja, mutoto yangu, tupate kunywa."

Nikainama, nikaonja. Sikusema neno. Wakanywa wote. Neno ambalo nilikuja kulifungua nililifunga mara ya pili, mbele ya mashahidi, kwa pombe ya baba yangu.

Ingetosha, lakini haikuishia hapo. Pombe ilipokwisha, Maman Georgette alinisimamisha juu ya kiti. Akatoa kitambaa cha bluu alichonunua kwa ajili ya nguo yangu ya shule, akanipima mabega, kiuno, urefu wa mkono. Barua yangu ilikuwa na siku nane tangu itoke. Nilinyoosha mikono kila aliposema nyoosha. "Umenenepa," akasema. "Ni raha hiyo." Maman Colette akamjibu kwamba raha hainenepeshi mapaja, watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Nilijiambia kwamba Sista angemweleza. Sikujua kwamba Sista mkurugenzi alikuwa kwenye mafungo, na barua zake zilimngoja mezani hadi siku ile ile ya kufungua shule. Papa alipoandika kuniuliza kama neno limerudi, nilimjibu hivi: "Pombe walikunywa wote." Kila neno lilikuwa kweli. Nilivunja mwiko wa kumdanganya mzazi bila hata kusema uongo.

Shule ya masista ilifunguliwa Jumatatu. Lori langu la kwenda Uvira, ambako ningepanda meli ya Albertville, liliondoka Jumatatu hiyo hiyo asubuhi. Nilikaa nyuma, juu ya magunia ya viazi, pamoja na wanawake wawili wa Kamanyola na kuku zao. Dereva alipita njia ya juu, ile inayopita mbele ya shule, na pale akasimama kumngojea abiria mmoja aliyesahau pasi yake ya safari.

Maman Georgette alikuwa langoni. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha Jumapili kichwani, na nguo ya bluu ameilaza mkononi, imepigwa pasi, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Wasichana walikuwa wakiingia mmoja mmoja, na yeye alimtazama kila mmoja usoni kisha akatazama tena njia ya Kadutu. Kati yetu palikuwa na hatua thelathini, labda chini ya hapo. Nilikuwa na muda wa kushuka, kusema na kupanda tena. Abiria yule alichelewa sana; dereva alivuta sigara mbili.

Nilivuta kitenge changu kikafunika kichwa.

"Unaumwa?" akaniuliza mmoja wa wale wanawake.

"Jua," nikasema. Hapakuwa na jua. Ulikuwa ukungu wa asubuhi kutoka ziwani.

Élisabethville nilijifunza vizuri. Nilifundishwa namna ya kuingia katika nyumba ya mtu bila kumdharau, na namna ya kumpa mtu habari mbaya ukiwa umekaa mbele yake, ukimtazama. Somo hilo nilipata alama kubwa kuliko wote. Mara nne nilianza barua kwa Maman Georgette. Zote zilianza vizuri kupita kiasi, nikazichana. Halafu nikajiambia kwamba mambo haya hayaandikwi, nitamwambia nikirudi. Nikakaa na hilo miaka miwili.

Kwa hiyo Alhamisi ile nililia, ndiyo, lakini sikuweza kujua nalilia nini.

Kumaliza kilio kulipangwa Jumapili. Nilimtumia Papa ujumbe Lwiro, na safari hii nilimweleza yote. Alikuja Jumamosi na kibuyu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe ile siku walikunywa bure," akatazama mikono yake, na nikaona kwamba aibu yangu sasa tulikuwa nayo wawili. Jumapili alitaka kubeba kibuyu yeye, nikamwomba aniachie.

Uani kwa Maman Georgette palikuwa pamejaa watu. Mashine ya kushonea ilikuwa imefunikwa shuka. Mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa Emérence, maana alivaa ile nguo ya bluu. Ni mrefu kuliko mimi. Ilikuwa imeongezwa kipande chini, cha bluu nyingine, na mabega yalimbana. Alikuwa monitrice pale foyer sasa, mahali pa Maman Georgette. Alinijia akanishika mkono.

"Masista walikuja kunichukua Kamanyola baada ya wiki mbili, kwa ile nafasi yako," akasema. "Nilifika wenzangu wameisha kuanza. Maman alinipa nguo hii. Akasema kitambaa hakina kosa."

"Alisema nini juu yangu?"

Emérence alisita. "Alikuona. Ile asubuhi, juu ya lori. Aliniambia siku moja tukishona."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Nilimuona, amekaa juu ya magunia ya viazi na nguo nzuri. Nikangoja ashuke.' Ni hivyo tu. Akaendelea kushona."

Papa Venant, aliyekuwa sasa mkubwa wa familia, akasimama. Kama inavyofanywa kwetu siku ya kumaliza kilio, akauliza: "Mwenye neno na dada yangu, neno lililobaki, aseme leo. Kesho hatutasikiliza." Mtu mmoja akasema marehemu alimwazima sufuria. Mwingine akasema waligombana juu ya mtaro wa maji na yamekwisha.

Nikasimama. Nikasema, "Miaka miwili iliyopita nilileta kasiksi hapa. Mlisema ni ya asante. Haikuwa ya asante. Nilikuja kurudisha neno, barua yangu ilikuwa imeisha kuondoka, na sikusema. Nikakubali kupimwa nguo. Nikampita langoni nimefunika kichwa." Nikakiweka kibuyu mbele ya Papa Venant. "Leo ninarudisha neno."

Maman Colette alitazama chini. Papa, nyuma yangu, alikohoa. Nilitamani mtu anitukane.

Papa Venant alifungua majani kwenye mdomo wa kibuyu, akanusa. "Nakumbuka ile pombe," akasema polepole. "Ilikuwa nzuri. Nilimwambia dada yangu, huyu mutoto hakusema kitu. Akanijibu, atasema." Akanipa mrija. "Neno hili lilikuwa la yeye. Mimi siwezi kulipokea. Mimi napokea pombe tu."

"Ndiyo, Papa."

"Onja."

Nikaonja. Ilikuwa imelala siku moja zaidi ya ipasavyo, na ilikuwa imeanza kuwa chachu. Nikampa Papa Venant, akanywa akakunja uso, akampa Papa yangu, na Papa akampa Emérence. Walikunywa mpaka ikaisha, bila mtu kuimba. Kisha Emérence akaniomba nimsaidie kuingiza mashine ndani, maana Jumatatu wanawake wangekuja na soksi zao. Tuliishika, yeye upande huu na mimi upande ule. Alipoinama, nilisikia nguo ikipasuka kidogo kwenye bega, pale nilipopimwa mimi.