Chumba cha Tano cha Gitaa

Kitendawili. Usinitazame tu, sema "tega" kama uliyelelewa na watu. Nyumba yangu ina vyumba vitano, mwenye nyumba anakaa vinne.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Ukishanipa mji nakupa jibu, ndiyo sheria ya vitendawili tangu enzi za bibi zangu. Lakini mie kitendawili hiki nilikitolea Bagamoyo, nikakitolea Kilwa, nikatoa Tanga na Pangani yake, na marehemu babu yako Badru akaichukua miji yote na jibu asinipe.

Kinachonijia kwanza nikimkumbuka ni kanga. Kanga yangu ya kisutu imetandikwa juu ya shingo ya gitaa, kama mtu anavyofunika maandazi nzi wasitue, na mkono wangu wa kushoto umeingia chini yake hauonekani. Badru kakaa kwenye kigoda mbele yangu, vumbi la mbao limemganda kwenye nyusi.

"Uko wapi?" ananiuliza.

"Chumba cha pili."

"Muongo. Umesimama ukutani."

Hiyo ni Keko, mwaka wa tisini na mbili. Redio za Dubai zilikuwa zimejaa madukani Kariakoo, na ule ukumbi ambao bendi ya Badru ilikuwa ikipiga kila Jumamosi ulikuwa umegeuzwa disko. Watu wa bendi walitawanyika. Badru akarudi kwenye useremala, vitanda na makabati, na gitaa lake kavu, lile lisilotaka umeme, akalitundika msumarini juu ya mto wake. Sikumsikia akilalamika. Ila jioni nilikuwa nikimuona anaposugua ubao kwa msasa, vidole vya mkono wa kushoto vinachezacheza vyenyewe hewani.

Kisha mtoto wetu wa kwanza, Nusaiba, akaposwa, na Badru akasema neno moja tu: binti yangu atatolewa kwa gitaa langu. Neno lenyewe likawa gumu, maana siku ya kumtoa bibi harusi kwetu ni ya wanawake. Mwanamume haingii, hata awe baba mzazi. Dada yake, wifi yangu Mwanabaraka, akaona amepata pa kusemea. Akasema dunia imeshahama, yeye ana redio kaseti mpya, tubonyeze kitufe watu wacheze, ya nini kujitesa.

Badru akainuka. Alikwenda chumbani, akalitungua gitaa, akalileta mpaka mapajani mwangu.

"Utapiga wewe."

Mie niliyeishia darasa la nne, ambaye vidole vyangu vilijua miyaa na ukili wa mikeka tu, nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Nikafuta machozi, nikalishika.

Alichukua kipande cha plaiwudi na penseli yake ya seremala, akanichorea shingo ya gitaa: nyuzi, vile vyuma vinavyoikata shingo, na vidoti vya mahali pa kubonyeza. Akaniambia usihangaike na mambo mengi, wimbo huu unataka sauti tano tu. Ila sauti hizo zimerudiwa shingo nzima, kila mahali zimekaa mkao mwingine, mikao mitano. Yeye mikao ile aliita vyumba. Sikuona ajabu. Nilijua alilelewa Kipawa kwenye nyumba ya vyumba vitano, iliyouzwa mama yake alipofariki. Huyo mama mkwe mie sikumkuta.

Nikavijua vyumba kimoja kimoja. Ndani ya chumba nilikuwa mwenyeji kabisa, nakohoa nikitaka. Kutoka kimoja kwenda kingine, hapo ndipo nilipopotea, hasa ikishatandikwa ile kanga nisivione vidole. Wifi akipita uani alikuwa akinitania, "Shikilia hivyo hivyo wifi, huo si mwiko wa ugali, hauungui." Naye Badru na swali lake: uko wapi, uko wapi. Mwenzio sijui niko wapi.

Siku moja alasiri nilikuwa barazani nashona mkeka. Unajua mkeka unavyoshonwa? Unasuka ukili, utepe mrefu, kisha unauunganisha na mwenzake ukingo kwa ukingo, mpaka hujui huu umeishia wapi na ule umeanzia wapi. Ule ubao wa plaiwudi ulikuwa pembeni yangu. Nikautupia jicho, sindano ikaniganda mkononi. Vidoti vya kulia vya chumba cha kwanza ndivyo vidoti vya kushoto vya chumba cha pili. Ni vile vile. Na cha pili na cha tatu hivyo hivyo. Nikasema kumbe mwenzangu anaona nyumba, mie nilichopewa ni mkeka.

Tangu siku hiyo nikifumba macho nauona umelala shingo nzima, tepe kwa tepe.

"Uko wapi?"

"Kwenye mshono."

Badru akacheka kwa mara ya kwanza tangu bendi ife.

Kilibaki chumba kimoja. Cha tano alikichora, lakini hakunifundisha. Akifika cha nne aliruka moja kwa moja mpaka kile cha kwanza kinapojirudia kule juu, karibu na tumbo la gitaa. Enzi za bendi mruko huo ndio watu walikuwa wakiungoja. Akiruka, ukumbi mzima unapiga mbinja. Mkono wangu mfupi. Kila nikiruka naangukia pabaya.

Nikamuuliza, chumba cha tano kina nini?

"Nipe mji," akasema.

Ndipo miji yangu ilipoanza kwisha.

Siku ikafika. Uani tulizungushia maturubai, wanawake wamejaa na sare zao, udi unafuka. Wifi kaweka redio yake kwenye stuli, kidole juu ya kitufe, ananitazama. Nje ya turubai, juu ya lundo la mbao, nilijua Badru amekaa. Nusaiba akatokea mlangoni amefunikwa, nami nikaanza. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kufika cha nne mtoto yuko katikati ya ua, na mkono ukagoma. Niliuona kabisa kwamba haufiki.

Nikafumba macho. Nikauona mkeka una utepe mmoja haujashonwa. Nikaufuata ukingo, taratibu, nikaingia.

Sauti zilikuwa zile zile tano, lakini humo zilikuwa na ubaridi wa maji ya mtungini. Nusaiba akapunguza mwendo. Vigelegele vikapanda, na nilipofumbua macho kidole cha wifi hakikuwa tena kwenye kitufe.

Watu walipokaa kula nikamtolea Badru sahani ya pilau. Hakuipokea. Nikadhani nimemharibia wimbo wake.

"Hukuruka," akasema.

"Sikuweza."

Akaokota kipande cha mbao, akakigeuza, akakirudisha pale pale.

"Chukua miji yako, Somoe."

"Yote?"

"Yote. Na Pangani." Kisha akasema, bila kuniangalia, "Nikipiga naiona ile nyumba ya Kipawa. Napita mlango hadi mlango. Nilikuwa safari na bendi, narudi nakuta wameshazika. Humo, chumba cha tano ndimo alimokuwa akilala mama."