Mkwaruzo wa Zohali

Mama Mapazia alivuta kamba, pazia alilolishona kwa mikono yake likafunguka bila kukwama, na ukutani ikatokea picha ambayo hakuipiga yeye.

Watu walipiga makofi. Ukumbi mpya wa kusomea wa mtaa ulikuwa unafunguliwa asubuhi ile, bado unanuka rangi, na waliokuja walikuwa majirani tu: mafundi wa gereji na wake zao, mwalimu mstaafu, muuza mkaa, watoto waliokaa chini sakafuni. Walikuwa wameambiwa kwamba mshona mapazia wao, yule anayepanda juu ya paa kila jioni na bomba lake la kutazamia nyota, amepiga picha ya sayari ya Zohali. Na kweli, Zohali hiyo hapo, imejaa fremu nzima, rangi ya dhahabu, imezungukwa na pete pana zinazong'aa mduara kwa mduara. Chini yake liliandikwa jina la Mama Mapazia kwa herufi za kupendeza. Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa mdogo wake wa kiume, Fundi Picha, mwenye studio, ambaye ndiye aliyeichapisha na kuitia fremu.

Mama Mapazia alisimama ameshika kamba. Mwanzo alidhani macho yanamchezea. Kisha akaelewa, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Mwaka ule Zohali haikuwa na pete za namna ile. Pete zake huinama na kuinuka polepole, mwaka hadi mwaka, na kuna msimu zinatugeuzia ubavu. Hapo upana wote unapotea, unabaki uzi tu uliopita katikati ya mpira. Msimu wenyewe ulikuwa huo, na ndio alioutaka. Kwenye picha yake, ile ya kweli, Zohali ilikuwa ushanga mdogo wa rangi ya siagi, umechomwa sindano katikati. Siku alipouona alicheka peke yake juu ya paa kama mwendawazimu. Miaka yote hiyo ameinamia sindano, kumbe na huko juu ipo.

Na isitoshe, ushanga ule ulimtoa jasho. Darubini yake ni ndogo, bomba la urefu wa mkono juu ya miguu mitatu, haina mota wala nini. Kabla jua halijazama anaipandisha kwenye paa la zege ipoe, maana kioo chenye joto hutetemesha kila kitu. Simu anaifunga kwenye lenzi kwa lastiki ya suruali. Halafu ndiyo kazi yenyewe: sayari haitulii, inatembea, ukizubaa kidogo imeshatoka, basi inabidi uisukume darubini kwa ncha ya kidole huku simu inarekodi video. Ukisukuma kwa nguvu, umeharibu. Ni kama kupitisha hariri kwenye cherehani, huivuti, unaisindikiza tu. Baadaye kompyuta huichambua ile video, hutupa vipande vilivyotetemeka, na vile vichache vilivyotulia huvipanga kimoja juu ya kingine mpaka sayari ionekane. Jioni nyingi aliambulia patupu. Mara mawingu, mara joto la mabati ya jirani, mara wifi yake kapanda kuanua mashuka na sakafu yote inatikisika.

Siku alipoipata, aliipeleka kwa mdogo wake. Studio iko chini ya nyumba hiyohiyo waliyoachiwa na baba yao, na kompyuta ni ya mdogo mtu, yeye hana. Walikaa pamoja mpaka picha ikatoka. Kisha akamwambia, tena akamshika bega ili asikie vizuri, aichapishe kama ilivyo, asiiguse. Fundi Picha akasema sawa dada, hamna shida. Sawa dada! Na leo ndiyo hii sawa yenyewe.

Mkutubi, binti mpole mwenye miwani, alimwomba aseme neno.

"Picha hii siijui," alisema Mama Mapazia. "Sikuipiga mimi."

Fundi Picha akacheka, kile kicheko anachowachekea wateja, akawaambia watu kwamba dada yake ndivyo alivyo, mtu wa kujishusha, tangu utotoni hapendi sifa. Watu wakacheka naye. Wakampigia dada makofi kwa mara ya pili, na mwalimu mstaafu akatikisa kichwa kwa kumstahi.

Loo, afadhali wangemzomea. Anavikwa kilemba cha ukoka mbele ya mtaa mzima, akikivua, eti anajishusha. Alishika kamba, akaivuta upande wa pili. Pazia likajifunga taratibu, kunjo kwa kunjo, mpaka dhahabu yote ikapotea. Akachukua mkoba wake akatoka.

Mdogo wake alimkuta studio, amesimama mbele ya kompyuta iliyozimwa.

"Dada, umenitia aibu."

"Picha yangu iko wapi?"

Akaanza kuzunguka kwa maneno. Kwamba hali ya biashara, kwamba ukumbi ule utaonwa na watu wengi, kwamba jina la studio nalo lipo pale kwenye kona ya fremu. Mama Mapazia akauliza tena, kwa sauti ileile. Ndipo yakamtoka. Aliifungua picha kwa nia njema, aisafishe kidogo tu, kama anavyosafisha za watu wote. Maana hiyo ndiyo kazi yake, na mtaa mzima unajua: mwenye chunusi huondolewa chunusi, mwenye pengo huzibwa pengo, na picha za zamani zilizokwaruzika hurudi mpya. Basi akaona katikati ya ule mpira kuna mstari. Akaufuta. Tena aliufuta kwa ustadi, alasiri nzima, akijazia rangi nukta kwa nukta ili asijue mtu kwamba palikuwa na kitu.

"Nilidhani ni mkwaruzo," alisema.

Mama Mapazia aliketi kwenye kile kigoda cha wapigwa picha.

"Ule mkwaruzo ndiyo pete zenyewe."

Ulipobaki mpira mtupu kama kiini cha yai, Fundi Picha akaendelea kwa sauti ya chini, aliona hauwezi kwenda ukutani, akatafuta Zohali nyingine mtandaoni, nzuri. Na ile ya kwanza? Aliihifadhi juu ya ileile, hairudi. Na video? Video ilikuwa kubwa, na alikuwa na harusi ya kuhariri, kompyuta imejaa. Aliifuta. Kwenye simu nako ilishafutwa. Mama Mapazia mwenyewe aliifuta ili apate nafasi ya kurekodi nyingine, akijua ya kwanza iko mahali salama. Kwa ndugu yake.

Alitamani kuvunja kitu. Macho yake yakatafuta cha kuvunja, yakakutana na baba yao.

Baba alikuwa ukutani, katikati kabisa, ndiye sampuli ya studio. Koti jeusi, tai nyekundu, mabega yamenyooka kama waziri. Wateja humwonyesha kidole, wakasema nao wanataka kama yule mzee. Na yule mzee alikuwa fundi baiskeli, hakuwahi kumiliki koti. Picha yenyewe ilikuwa ya kitambulisho, na siku alipokwenda kuipiga alivaa shati aliloshonewa na binti yake huyu alipokuwa anajifunza kushona, ncha moja ya kola ndefu kuliko nyingine. Mama yao alimsihi abadilishe. Akakataa, akasema atakayecheka na acheke, hili nimeshonewa. Alipofariki, Fundi Picha akaikuza picha ile, akalifuta shati, akamvisha koti la kompyuta. Wakati huo ulikuwa msiba, Mama Mapazia akameza. Tangu siku hiyo hupita studio akiangalia pembeni.

"Baba hakuwahi kuvaa tai," alisema.

"Dada, hayo ni ya zamani."

"Alikuwa amevaa shati langu. Ukalifuta."

"Nilitaka apendeze."

"Alikuwa amependeza."

Wifi yake akaingia na glasi ya maji. Akawabembeleza wayamalize, wao ni tumbo moja, watu wanapita barabarani wanasikia. Glasi ikabaki mezani. Fundi Picha alijipangusa uso kwa kiganja. Akasema watu wangemcheka, ndiyo hofu yake. Kanukta kale, kamekaa katikati ya karatasi nyeusi, wangesema dada yake anapanda paa kila siku kufuata kanukta. Yeye asingevumilia dada yake achekwe. Na alikuwa anasema kweli, ndilo lililomuuma Mama Mapazia zaidi. Angekuwa adui, angejua la kumfanya.

"Mimi sikukutuma unionee aibu," alisema, akainuka.

Jioni hiyo anga lilikuwa safi. Zohali ilikuwa imeshuka sana upande wa magharibi. Kila siku ilikuwa inawahi kuzama nyuma ya maghorofa, na karibu ingemezwa na mwanga wa jua. Ikirudi, pete zitakuwa zimeanza kufunguka. Uzi ule hautaonekana tena mpaka yeye awe bibi wa kushikwa mkono, kama atakuwepo. Alipandisha darubini, akaiacha ipoe, akafunga simu kwa lastiki.

Alipogusa bomba, sayari iliruka ikatoka. Akaitafuta, ikaruka tena. Akamtukana mdogo wake kwa sauti, tusi la utotoni ambalo mama yao angewachapa wote wawili kwa ajili yake. Akajifuta kidole kwenye gauni. Akajaribu tena, na tena, mpaka hasira ikabaki kifuani na kidole kikawa chake. Ushanga ukaingia kwenye kioo cha simu, ukatetemeka, ukatulia. Na sindano yake, nyembamba, imetokeza kushoto na kulia. Akaanza kurekodi.

Ndipo aliposikia viatu kwenye ngazi.

"Simama hapo hapo," alisema bila kugeuka. "Usitikise sakafu."

Fundi Picha akasimama. Alikuwa ameweka mguu mmoja juu ya paa, wa pili uko kwenye ngazi ya mwisho, amekumbatia fremu kubwa ya ukumbini. Haikuwa na kitu ndani. Alikuwa amekwenda kuitoa ile picha mwenyewe, mchana, watu wakimtazama. Hakulisema hilo, na dada yake aliiona fremu kwa pembe ya jicho tu.

Redio ya jirani ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Sayari ilitembea, kidole kikaisindikiza. Nyuma, mwanamume mzima alikuwa anajitahidi kupumua bila kelele, na fremu nzito, na mguu wa chini umeanza kufa ganzi.

"Dada," alinong'ona baada ya muda, "nisogee?"

Simu ilijaa, ikaacha kurekodi yenyewe. Mama Mapazia aliendelea kusukuma kwa ncha ya kidole, taratibu, macho kwenye ushanga na sindano yake. Hakumwambia kwamba video imekwisha.